Kupanga, Kununua au Kuoa Ndani: Vijiji vya Yogyakarta, Bali na Minangkabau kwa Mgeni wa Muda Mrefu

Indonesia ina vijiji karibu 75,000, kwa hiyo anayeuliza "kijijini Indonesia pakoje?" atajibiwa chochote. Hapa nalinganisha pande tatu tu ambazo mtu wa kwetu anaweza kujikuta anaziwazia. Ya kwanza ni vijiji vya Sleman na Bantul vinavyouzunguka mji wa Yogyakarta, kisiwani Java, ambako wanafunzi wa Kiafrika hufika kwa ufadhili wa serikali ya Indonesia, KNB na Darmasiswa. Ya pili ni Bali, lakini Bali ya Karangasem na Tabanan, mbali na fukwe zenye kelele. Ya tatu ni nagari, yaani vijiji vya mila, za Minangkabau, Sumatra Magharibi, ambako wachache huenda, wengine kwa utafiti, wengine kwa sababu wamependa mtu wa huko.

Wengi huanza kwa kuuliza habari za wezi. Mimi ningeanza na ardhi, maana ndiko akiba ya miaka inakopotea kwa saini moja.

Ardhi: sheria moja, mila tatu

Sheria inayotawala kote ni ile ya msingi ya ardhi ya mwaka 1960. Kifungu chake cha 21 kinasema umiliki kamili, wanaouita hak milik, ni wa raia wa Indonesia peke yake. Kifungu cha 26 kinaongeza kwamba uhamisho wowote wa kumpa mgeni umiliki huo, uwe wa wazi au wa kificho, ni batili, ardhi inarudi kwa dola na fedha iliyolipwa hairudishwi. Mtanzania hatashangaa, kwa kuwa kwetu nako mgeni hamiliki ardhi, na Kenya tangu Katiba ya 2010 mgeni hapati zaidi ya miaka 99.

Kinachoshangaza ni jinsi watu wanavyojidanganya. Mgeni anatafuta mwenyeji, anamlipia kiwanja, hati inaandikwa jina la mwenyeji, kisha wanaandikiana pembeni makaratasi ya mkopo na uwakala ili kuonyesha kwamba mwenye mali hasa ni mgeni. Mpango huu umezoeleka Bali kiasi kwamba madalali huutaja bila kupepesa macho. Ukifika mahakamani, makaratasi ya pembeni ndiyo ushahidi wa kukiuka kifungu cha 26. Na hata usipofika mahakamani, mwenyeji akifa, wanawe hawana habari na maagano yenu.

Aliyeoa au kuolewa na raia ana mtego wake. Bila mkataba wa kutenganisha mali, ardhi ya mwenzi huhesabiwa kuwa ya wote wawili, na hapo mwenzi raia naye anapoteza haki ya kuishika kwa hak milik. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliruhusu mkataba huo uandikwe hata ndoa ikiwa imeshafungwa. Zamani ulipaswa kutangulia harusi. Kama umeshaoa na hamjauandika, hilo lishughulikieni kabla ya kuangalia kiwanja chochote.

Njia halali ni mbili. Ipo hak pakai, haki ya kutumia, ambayo kwa kanuni ya mwaka 2021 hutolewa kwa miaka 30, huongezwa 20, kisha huhuishwa 30. Inadai hati za uhamiaji, na kila mkoa umeweka bei ya chini ya nyumba anayoruhusiwa mgeni, bei ambayo nyumba za kawaida za kijijini haziifikii. Njia ya pili ni kupanga, na kijijini ndiyo inayofanya kazi. Nyumba nzima hukodishwa kwa mwaka, na kodi ya mwaka hutakiwa mkononi siku ya kwanza, desturi ambayo mpangaji wa Dar es Salaam anaijua vizuri mno.

Hadi hapo ni sheria. Sasa mila.

Yogyakarta ni mkoa wa pekee, kwa kuwa gavana wake ni Sultani na hapigiwi kura, jambo lililothibitishwa na sheria ya mwaka 2012. Sehemu ya ardhi ni ya Sultani, na kila kijiji kina ardhi yake ya hazina, tanah kas desa, ambayo hukodishwa kwa kibali cha gavana na haiuzwi kamwe. Mwaka 2023 serikali ya mkoa ilifunga miradi kadhaa ya nyumba huko Sleman iliyojengwa juu ya ardhi ya namna hiyo kinyume cha kibali. Waliolipa walikuwa raia wenye elimu yao, waliovutwa na bei nafuu. Kwa hiyo ukiambiwa nyumba ni rahisi kwa sababu ni ya "mkataba wa muda mrefu na kijiji", nyanyuka kwenye kiti. Angalia pia kama mwenye nyumba ana cheti cha ofisi ya ardhi, BPN, au ana girik na dondoo ya daftari la kijiji linaloitwa Letter C tu. Hizo ni karatasi za kodi za zamani. Kwa kupanga mwaka mmoja hazina neno, lakini usijenge juu yake.

Bali, ardhi hupimwa kwa are, yaani mita za mraba 100, na bei ya kukodi hutajwa kwa are moja kwa mwaka mmoja. Mgeni anasikia tarakimu ndogo, anafurahi, kumbe hajazidisha kwa are sita na miaka 25, na yote inalipwa kwa mkupuo. Jingine ni kwamba viwanja vingi vya makazi ndani ya kijiji si vya mtu. Ni karang desa, vya kijiji cha mila, na anayekaa juu yake ana wajibu wa kazi na michango hekaluni. Kabla ya kusaini, nenda kwa mkuu wa banjar, kile kitongoji cha mila, umuulize ardhi ni ya aina gani, barabara ya kuingilia ni ya nani, na kama ndani yake kuna hekalu la familia. Hekalu halihamishwi kwa ajili ya bwawa lako la kuogelea. Jambo la faraja ni kwamba kwa sheria ya madai, kifungu cha 1576, kuuzwa kwa mali hakuvunji mkataba wa kupanga. Jambo la kuogofya ni kile kifungu cha mwisho cha mkataba ambacho wengi hawakisomi, kwamba mkataba utaongezwa "kwa bei ya soko ya wakati huo". Bali ikishapata barabara nzuri na migahawa mitatu, bei ya wakati huo si ya kwako tena.

Minangkabau ni ulimwengu mwingine, na hapa Mluguru, Mmakonde au Mmwera atajiona yuko nyumbani. Ukoo hupita kwa mama. Ardhi na nyumba ya ukoo, harta pusaka tinggi, hushuka kutoka kwa bibi kwenda kwa binti, na mjomba, mamak, ndiye msimamizi wake. Haiuzwi. Kuiweka rehani kunaruhusiwa kwa mambo manne: maiti imelala sebuleni na hakuna cha kuzikia, nyumba kuu ya ukoo inavuja, binti amepevuka na hakuna uwezo wa kumwoza, au ukoo unataka kuinua heshima iliyozama, tuseme kumsimika kiongozi wake. Sasa mwanamume anayekuambia "hili shamba ni langu, tuandikiane" anaweza kusema kweli kuhusu harta pusaka rendah, mali aliyoichuma mwenyewe, lakini kama ni ya ukoo saini yake haina uzito. Inahitajika sauti ya ukoo mzima, pamoja na wanawake wanaoishi juu ya ardhi hiyo na wajomba walio Jakarta. Wajomba hao ni wengi, maana kwa Waminangkabau kijana huenda rantau, kutafuta maisha ugenini, kwa hiyo nagari huwa na nyumba nyingi tupu zinazoweza kupangwa. Hakikisha tu kwamba aliyepokea kodi yako ndiye ukoo uliomtuma.

Kwa usalama wa fedha, basi, napanga hivi. Nagari ni salama kuliko zote kwa mpangaji asiye na tamaa, kwa sababu hakuna atakayekudanganya kwamba umenunua bila wenzake kupiga kelele. Yogyakarta ni salama ukisoma karatasi. Bali ndiyo yenye sheria ileile na vishawishi vingi zaidi.

Usiku, nani yuko macho

Kila mtaa wa Indonesia una RT, jumuiya ya majirani wa makumi machache ya kaya, na juu yake RW, inayokusanya RT kadhaa. Utaratibu huu ulianza Java wakati wa ukaliaji wa Wajapani, kati ya 1942 na 1945. Mtanzania anaweza kumwona mwenyekiti wa RT kama balozi wa nyumba kumi, na Mzanzibari akamwona kama sheha mdogo. Mgeni anayelala anatakiwa kuripotiwa kwake ndani ya saa 24. Kibao cha agizo hilo kimepigiliwa kwenye mlango wa mitaa mingi. Usichukulie kama usumbufu. Mgeni aliyekwenda na pasipoti yake, nakala ya kibali cha ukaazi na kipakiti cha sukari au biskuti ameshapata ulinzi kuliko kufuli lolote.

Java ndiyo iliyotunza vizuri zaidi lindo la usiku, ronda, ndugu yake sungusungu wa kwetu lakini bila mishale. Wanaume hupangiwa zamu, hukaa kwenye kibanda, hunywa kahawa, kisha huzunguka. Kila nyumba huacha kopo dogo kibarazani lenye konzi ya mchele au sarafu, jimpitan, na walinzi hulikusanya wakipita. Hapo kuna ujanja mzuri, kwa sababu kukusanya makopo kunawalazimisha wafike kila mlango. Kibandani huning'inia kentongan, ngoma ya gogo au mwanzi. Mahali pengi mapigo mawili mawili ni wizi, matatu matatu ni moto, manne manne ni maafa ya asili. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na huko hata aina ya jambo unaijua kabla ya kufungua mlango. Ukipangiwa zamu, nenda. Vijiji vingine humruhusu asiyeweza kulipa faini badala ya zamu, lakini kulipa kila mara kunakufanya mteja wa kijiji, si jirani.

Bali kuna pecalang, walinzi wa mila waliovaa kitambaa cha mirabaraba myeusi na myeupe. Wako imara sana wakati wa sherehe, na siku ya Nyepi, mwaka mpya wa Saka, kalenda ya Kihindu, hakuna anayetoka nje, hata uwanja wa ndege hufungwa saa 24, na tangu 2018 intaneti ya simu huzimwa. Mgeni naye hufungwa na amri hiyo. Kijiji cha mila Bali, na viko karibu 1,500, kina kanuni zake za maandishi, awig-awig, na adhabu yake nzito ni kasepekang, kutengwa: hakuna wa kukusalimia wala kukusaidia mazishi. Adhabu hiyo ni kwa wanachama, ila mwenye nyumba wako ni mwanachama. Akigombana na banjar, wewe uliyepanga kwake utayasikia makali yake.

Nagari nako kuna vijana wa parik paga, uzio wa nagari. Jicho lao hutazama zaidi maadili kuliko kufuli. Mwanamume na mwanamke wasiooana wakikaa nyumba moja wataletewa ugeni usiku. Wapenzi wasio na cheti cha ndoa, hapa msije.

Kote kutatu kuna upande mbaya ambao vipeperushi vya utalii huuruka. Mwizi wa pikipiki akikamatwa na wananchi anaweza kupigwa vibaya kabla polisi hawajafika. Tunaijua habari hiyo kwetu. Ukisikia kelele za mwizi usiku, wewe mgeni usitoke mbio gizani. Na kuhusu pikipiki yenyewe, ina karatasi mbili: STNK unayotembea nayo, na kitabu cha umiliki, BPKB, kinachokaa nyumbani kabatini. Anayeviweka vyote viwili chini ya kiti amemrahisishia mwizi kazi ya kuiuza.

Ardhi inapotikisika

Wezi wote wa Indonesia kwa pamoja hawajafanya kile ambacho tetemeko la Bantul lilifanya kwa chini ya dakika moja. Ilikuwa tarehe 27 Mei 2006, saa kumi na moja na dakika 54 alfajiri, watu wakiwa ndani. Zaidi ya 5,700 walikufa. Tetemeko halikuwa kubwa la ajabu, kipimo 6.3, ila nyumba zilikuwa za matofali yasiyo na nondo, zikawaangukia waliolala. Nyumba zilizojengwa upya baadaye zilifungwa kwa nguzo na mikanda ya zege, kwa hiyo nyumba ya Bantul ya baada ya 2006 mara nyingi ni afadhali kuliko kongwe yenye sura ya kupendeza. Uliza ilijengwa lini. Uliza pia kama kuta zimefungwa na nguzo kwa chuma. Fundi wa mtaa atakujibu bila kuficha.

Sleman hatari yake iko kaskazini, mlima Merapi. Mlipuko wa Oktoba na Novemba 2010 uliua watu 353 na kuwahamisha zaidi ya 300,000. Familia nyingi za Cangkringan zilipewa nyumba za mita za mraba 36 kwenye viwanja vya mita 100 chini zaidi, huku zikiendelea kulima mashamba ya juu. Vitongoji vingine, kama Kalitengah Lor, vilikataa kuhama. Mlima uliwekwa daraja la tatu kati ya manne ya tahadhari mnamo Novemba 2020. Hata hivyo Merapi ni volkano inayotazamwa kwa makini mno, na wanakijiji wana redio za mkononi na njia za kukimbilia walizozifanyia mazoezi. Panga kusini mwa mkanda wa hatari namba III, ulio mkali kuliko yote, na usikae kwenye ukingo wa mto unaoshuka mlimani, maana matope ya volkano hufuata mto.

Karangasem iko chini ya Agung, ulioua zaidi ya watu 1,000 mwaka 1963 na kuwaondoa zaidi ya 100,000 makwao mwaka 2017. Tabanan iko mbali kidogo na mlima huo, na mashamba yake ya mpunga ya Jatiluwih yamo katika orodha ya UNESCO tangu 2012 pamoja na mfumo wa maji wa subak. Kama ni Bali na una watoto, Tabanan.

Sumatra Magharibi ndiko ninakoogopa zaidi, niseme wazi. Tetemeko la 30 Septemba 2009 liliua zaidi ya watu 1,100, wengine wakifukiwa na maporomoko vijijini Padang Pariaman. Mlima Marapi, ambao wageni huuchanganya na Merapi wa Java, ulilipuka Desemba 2023 na kuua wapanda mlima 24. Miezi michache baadaye, Mei 2024, mvua iliteremsha majivu na mawe yaleyale, galodo kama wanavyoiita, na zaidi ya watu 60 wakafa Agam na Tanah Datar. Nagari nzuri zenye mito mizuri ndizo zilizopigwa. Nyumba za kale za mbao, rumah gadang, huyumba na kubaki wima. Tatizo ni kwamba nyumba utakayopewa kupanga kwa kawaida ni ya matofali.

Mbwa, mbu, na barabara

Bali ina kichaa cha mbwa tangu mwishoni mwa 2008, na mbwa wako kila uchochoro. Sumatra Magharibi nayo inacho, kwa sababu ambayo wengi hawaitegemei: Waminangkabau ni Waislamu, lakini uwindaji wa nguruwe mwitu kwa mbwa ni mchezo mkubwa wa wanaume, na mbwa hao husafirishwa huku na huko. Chanjeni kabla ya safari, watoto kwanza. Yogyakarta, kwa hesabu za serikali, haina kichaa cha mbwa. Homa ya dengi ipo kote kutatu, ingawa mbu wenye bakteria wa Wolbachia walioachiliwa Yogyakarta mjini walipunguza wagonjwa kwa asilimia 77 katika utafiti uliochapishwa 2021, na mpango ukapelekwa Sleman na Bantul.

Zahanati, puskesmas, iko karibu popote. Mgeni anayefanya kazi nchini miezi sita au zaidi anatakiwa kujiunga na bima ya taifa, BPJS. Pikipiki vaa kofia ngumu. Barabara za vijijini ni nyembamba na malori ya mchanga wa Merapi hayana subira.

Kuishi na watu

Gharama ambayo haimo kwenye mkataba ni michango. Harusi, msiba, tohara, ukarabati wa kibanda cha lindo. Aliyezoea kadi za harusi za Dar es Salaam hatalalamika. Kuna arisan, upatu wetu huu huu, na kuna gotong royong, kazi ya pamoja ya Jumapili ambayo Mpare angeiita msaragambo. Java wanakusamehe ukikosea. Bali michango ya mgeni mara nyingi huwa na kiwango kilichoandikwa, jambo ambalo mimi nalipenda kwa sababu halina kubahatisha. Nagari hawakudai kitu, ila wanakumbuka.

Kwa dini, Mwislamu atapata utulivu zaidi nagari. Mkristo atapata shida ya kanisa huko, lakini Bantul kuna Ganjuran, kanisa Katoliki la tangu 1924, lililoharibiwa 2006 na kujengwa tena kwa mtindo wa Kijava. Bali hapatakukataza lolote, ila jogoo, mbwa na mazoezi ya muziki wa gamelan vitakuamsha.

Ningechagua vipi

Mwanafunzi, au familia ya mwaka mmoja hadi mitatu: Bantul au kusini mwa Sleman, nyumba ya baada ya 2006, kodi ya mwaka mmoja, jina lako kwenye orodha ya ronda.

Anayetaka kufungua nyumba ndogo ya wageni: Tabanan, kwa mkataba wa kupanga ulioandikwa mbele ya notaris, mthibitishaji rasmi wa mikataba, wenye fomula ya bei ya kuongeza muda iliyotajwa sasa hivi, na sahihi za warithi wa mwenye ardhi. Kama hawakubali kuandika fomula, ondoka, viwanja havijaisha.

Aliyepata mchumba wa Kiminangkabau: nagari, ndiyo, lakini ishi kwa mkweo na kwa sharti la mkweo. Mume huko ni mgeni wa heshima katika nyumba ya mke wake, sumando. Pesa za ujenzi ziweke kwenye mali mliyoichuma wawili, yenye cheti cha BPN na mkataba wa ndoa, na kabla ya kuchimba msingi panda juu kidogo ukaangalie maji ya mto wa karibu yatapita wapi siku yakiteremka na mawe.